Wafu wa Namba 481

Wallahi, kila neno nililoandika hapa ni kweli tupu. Kama nimeongeza chumvi hata ya kushika kwa ncha za vidole, basi meno yangu haya matano yaliyobaki yadondoke kabla ya Idi. Usiniulize nimeyajuaje. Wewe soma tu.

Mwaka 1992, mwezi wa sita, Jumanne. Hospitali moja ya Temeke, jina lake nalimeza.

Albano alikuwa anatokwa jasho.

Mbele yake walikaa watu watatu wa usaili. Kiunoni, chini ya koti la kuazima, bastola aina ya Makarov ilimchoma mbavu. Mfukoni mlikuwa na redio ya Motorola, sauti imepunguzwa. Mtu huyu alishavuka Ruvuma na risasi mguuni. Alisharuka kutoka kwenye boti inayowaka moto. Lakini mtihani wa makaratasi hakuwahi kuuvuka.

"Bwana Albano," alisema mwenyekiti, "unaomba ukuu wa Chumba cha Namba. Haya. Mgonjwa kaja na malaria, ikamla damu, mwisho kafa kwa nimonia. Kifo hicho unakipa namba ya nini?"

Albano alivuta koti, bastola isichungulie.

"Ya kilichoanza, mheshimiwa."

Alibahatisha. Watatu wale wakatazamana, mmoja akaandika kitu.

"Nenda chumbani kwenyewe. Mtihani wa vitendo. Faili ishirini."

Sasa nikueleze msomaji wangu, maana najua unajiuliza jasusi anatafuta nini kwenye makaratasi ya wagonjwa.

Kila mgonjwa akitoka hospitali, kwa miguu au kwa machela, faili lake huenda Chumba cha Namba. Huko karani husoma mwandiko wa daktari, akafungua kitabu kinene kama tofali, akaupa ugonjwa namba yake. Mwisho wa mwezi namba zinajumlishwa, mkuu anatia sahihi, jedwali linakwenda wizarani. Basi mwenye kiti kile ndiye anayeiambia serikali watu wake wamekufa kwa nini.

Na siku tatu kabla, simu ililia nyumbani kwa Albano, Kinondoni.

"Shangazi anauliza bei ya nazi."

Shangazi alikuwa dume zima lenye sauti ya mvuta sigara za Sportsman. Ndiye bosi wake.

"Nazi zimepanda," alijibu Albano.

"Sikiliza. Kuna mgeni anaitwa Krauze, ana yadi Kurasini. Soko limefunguliwa, kila mtu anaagiza anachotaka, naye anaagiza kwinini. Baadhi ya vichupa ni maji ya chumvi. Watu wanakufa Temeke. Lakini jedwali la hospitali linasema vifo vya malaria vimepungua."

"Vinakwenda wapi?"

"Ndiyo kazi yako. Mkuu wa zamani kastaafu. Krauze anataka mtu wake akae pale moja kwa moja. Nenda kaombe kazi."

Kazi ya kawaida, ungesema. Ila alfajiri ya Jumanne ile majirani wa Tandika walimbeba dada yake, Filomena, wakamleta hospitali hiyo hiyo. Malaria kali. Hajitambui. Wodi ya sita. Chupa ya kwanza ya kwinini alitundikiwa saa kumi na mbili asubuhi. Ya pili itatundikwa saa nane mchana.

Amtoe ampeleke wapi? Hakuna aliyejua katoni ipi ni dawa na ipi ni maji. Bila kwinini anakufa. Kwa maji ya chumvi anakufa vilevile.

Alitazama Casio yake. Saa sita na robo.

Chumba cha Namba kilinuka vumbi na gundi. Rafu zilipanda mpaka darini. Katikati ya milima ya faili alikaa mama mmoja mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Huyu ni Demetria. Alianza kwa kubeba faili kichwani kutoka wodini, akapanda kuyapanga, akajifunza kitabu mwenyewe usiku na mchana. Miaka kumi na minane. Wakuu wanne kawafundisha kazi, wanne wote wakamkalia kichwani, kwa vile yeye hana cheti.

Mezani pa mkuu alikaa Didas, kaimu. Huyo cheti anacho, tena cha Ulaya. Kalamu ya Parker mfukoni. Manukato.

"Karibu, kaka," alisema Didas. "Mimi naitwa kwenye usaili sasa hivi. Mama huyu atakuangalia usiibie majibu."

Akacheka. Akatoka.

Albano akafungua faili la kwanza. Akalifunga. Akavuta kiti.

"Mama Demetria. Mtu akitaka kuficha kifo humu ndani, anafanyaje?"

Kalamu ya mama yule ikasimama.

"Nani kakutuma?"

"Dada yangu yuko wodi ya sita."

Demetria alitazama mlangoni. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyeko msibani.

"Nilisema mara moja. Nilisema tu, bwana, hesabu hizi mbona haziingii akilini. Kesho yake nikamkuta paka wangu ananing'inia mlangoni kwa kamba ya faili. Kamba ya humu humu. Tangu siku hiyo nikisikia kiatu kinagonga sakafu, nafunga kitabu."

"Nionyeshe."

Akakishusha kitabu cha vifo rafuni. Akafungua ukurasa.

"Soma. Hapa, hapa, na hapa."

"481. Ndiyo nini?"

"Wee! Unaomba ukuu hujui 481?" Kwa nukta moja mama yule alisahau kuogopa. "Nimonia ya mdudu anayejulikana kwa jina! Sasa nikuulize. Mdudu utamjuaje jina? Makohozi yaende maabara, yapakwe rangi, yatazamwe kwa darubini. Maabara yetu haina rangi tangu mwezi wa pili. Humu sote tunaandika 486, nimonia, mdudu hajulikani. Miezi minne hakuna daktari aliyemtaja mdudu yule, hakuna karani aliyeandika 481. Isipokuwa kaimu huyu. Mara kumi na moja."

"Kwa nini asiandike 486 kama wenzake? Asingeonekana."

"Kasoma, mwanangu. Huko alikosoma, kuandika 'haijulikani' ni aibu. Fundi mwizi hata mbao ya wizi ataipiga randa."

Albano alihesabu mistari kwa kidole. Kumi na moja.

Wakaanza kuvuta faili. La kwanza. La pili. La tano. Kila moja, chini ya nimonia ile ya Didas, daktari alikuwa ameandika malaria kwa mwandiko wake wa kuku. Na kila moja lilikuwa na karatasi ya dawa, na kwenye karatasi nesi ameandika alama ya katoni, kama ilivyo desturi.

KZ. KZ. KZ.

"Wodi gani?"

 Demetria alinyoosha kidole kwenye faili.

Sita. Zote kumi na moja, wodi ya sita.

Motorola ikakoroma mfukoni.

"Shangazi hapa. Lori linapakia Kurasini. Katoni mia nne. Linaondoka saa nane kusambaza mkoa mzima. Nipe ushahidi, polisi hawavunji geti kwa maneno ya mdomo."

"Upo. Alama ni..."

Sakafu ikagongwa. Kiatu.

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Komeo likaingia.

"Mtihani unakwendaje, kaka?"

Didas alikuwa anatabasamu. Mkono wa kulia ulishika faili. Chini ya faili palichungulia mtutu.

Albano alipeleka mkono kiunoni. Makarov ikang'ang'ania kwenye bitana la koti la kuazima. Akavuta. Ikagoma. Akavuta tena. Bitana likachanika kwa sauti ndefu ya aibu.

"Acha, utaumia," alisema Didas taratibu. "Mama Demetria, funga dirisha. Nilidhani wewe umeshaelewa somo."

Demetria akafunga dirisha. Akarudi kusimama ubavuni mwa rafu.

"Mnajua tofauti ya karani na mkuu?" Didas aliendelea. "Karani anaandika kilichotokea. Mkuu anaamua kilichotokea. Kesho mtakuwa watu wawili mliopigwa risasi na majambazi. Namba yake ninayo kichwani."

Saa saba na dakika arobaini na mbili.

Chupa inatolewa kabatini sasa. Albano aliiona kwa macho ya moyo: nesi, kamba, sindano, mkono mwembamba wa Filomena.

"Didas," alisema Demetria. Sauti haikuwa yake. "Zile kumi na moja umekosea."

"Sikosei."

"Umekosea. Njoo uone."

Wenye ujuzi wana ugonjwa mmoja. Hawavumilii kuambiwa wamekosea. Didas alipiga hatua mbili, akainama kidogo kutazama kitabu.

Demetria akaitupia rafu bega lake lote.

Rafu ile ilikuwa ya mwaka sabini na nane, mwaka wa kipindupindu, faili zimejaa mpaka juu. Iliyumba. Ikafikiri. Ikaja.

Pa! Risasi ikatoboa dari. Kisha vumbi. Kisha miguu miwili inayotapatapa chini ya maelfu ya wagonjwa waliokwisha kwenda zao.

"Kimbia!"

Walikimbia. Veranda. Ngazi. Mlango wa wodi ya sita. Saa saba na dakika hamsini na nane.

Nesi alikuwa amekwisha kutundika chupa. Vidole vipo kwenye kifungo cha mpira.

"Sista, usifungue!"

"Wee baba, saa ya kuona wagonjwa bado! Toka!"

Albano alirukia chupa. Akalitazama boksi mezani. KZ. Akaung'oa mpira, maji yakamwagika sakafuni.

Filomena alikuwa wa rangi ya majivu. Midomo imepasuka. Alikuwa anaita jina la mama yao aliyekufa.

"Dawa ya kweli iko wapi?" Albano alipiga kelele, akipekua maboksi mezani. "Nitajuaje ipi ya kweli?"

Demetria alikuwa ameegemea kitanda, anahema, amefumba macho. Alikuwa anasoma. Bila kitabu. Miezi minne ya vifo, wodi kwa wodi, inapita nyuma ya kope zake.

"Ya tatu," alisema. "Wodi ya tatu haina hata 481 moja. Wa malaria wanakufa wachache, kama zamani. Kachukue ya wodi ya tatu!"

Saa nane na dakika nne, dawa ya kweli ilidondoka tone la kwanza.

Albano akabonyeza Motorola.

"Shangazi. Nazi zimeoza. Alama ni KZ. Maiti kumi na moja, sahihi moja."

"Nimepokea."

Kurasini, lori lilikuwa limechelewa kwa sababu dereva alikwenda kununua sambusa. Land Rover mbili za polisi zikaziba geti. Krauze alikutwa juu ya ukuta wa yadi, pasi tatu za kusafiria ndani ya soksi.

Didas walimfukua kwa koleo.

Jioni, Filomena alifumbua macho akaomba uji. Albano akavaa miwani yake ya jua, akapita mbele ya mlango wa usaili. Mwenyekiti akatoka mbio.

"Bwana Albano! Umeshinda! Kiti ni chako!"

"Mpeni Demetria."

Akawasha pikipiki yake ya Yamaha. Hakugeuka nyuma.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Juzi nikawasomea wenzangu barazani, Tandika, neno kwa neno, na wote walikuwa wamekodoa macho. Isipokuwa mama mmoja mgeni, mwembamba, aliyekuja kumtazama mkwewe mtaa wa pili.

"Mzee Mashaka," akasema, "huyo Albano ni nani?"

"Jasusi, mama. Wa siri sana."

"Miaka kumi na minane nimefanya kazi chumba kile, na kumi mingine nikiwa mkuu wake. Filomena ni dada yangu mimi, tumbo moja. Bastola ilikuwepo, na rafu niliiangusha, bega linaniuma mpaka leo. Kisha nikakimbia peke yangu mpaka wodini, na kutoka hapo mpaka polisi, nguo imelowa kwa woga. Jasusi sikumwona."

Baraza zima likanigeukia mimi.

"Ila mlinzi wa geti nilimwona," akaendelea. "Nilimwita. 'Mashaka, nisaidie!' Risasi ilipolia akaruka ukuta. Filimbi yake niliiokota, ninayo nyumbani."

Nikalikunja daftari. Ni kweli, niliruka. Mpaka leo nikisikia mlango unabamizwa, miguu yangu inajua njia kabla yangu.

Walinipiga faini pale pale: kahawa ya watu wote, na kashata mbili mbili. Nikalipa bila kubisha. Nikachukua birika kwa mkono wangu, nikaanza na yeye, Mama Demetria. Akanizuia kikombe kilipofika nusu.

"Weka na kingine," akasema. "Filomena yuko nyuma anakuja. Miguu inamsumbua, lakini anakuja."

Nikamimina.