Kiraka Chekundu cha Mwaija

Kiraka chekundu hakikuwa pale Dorcas alipokishona. Jana alikiweka pembeni, chini. Leo kimekaa katikati, na mishono ni ya mkono wake mwenyewe.

"Suzana, ni wewe uliyekihamisha?"

"Mimi tena, mama? Nimekigusa saa ngapi?"

Mama na binti walikuwa wakishona picha kubwa ya viraka, ya kutundika ukutani, kutokana na kazi ambazo marehemu Mwaija, shoga yake Dorcas pale Mkuyuni, aliziacha bila kuzimaliza: mitumbwi ya vitenge, sangara wa kudarizi, nusu ya jua. Familia ilimpa Dorcas gunia zima. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa chekundu chenye shanga nyeupe, kimekunjwa peke yake. Dorcas ni mlokole, mambo ya uganga hayajui, na kwa kitambaa kizuri hana adabu hata kidogo. Akakikata.

Mchana wa siku ile kiraka kilipohama, nyumba ikaanza kunuka udi, wakati hakuna aliyewahi kuchoma udi mle. Halafu ukasikika mkasi, kacha, kacha, ilhali mkasi umelala mezani. Dorcas akakemea kwa jina la Yesu, akageuka, akamwona Suzana ameketi wima, macho meupe, anashona hewa bila sindano, haraka haraka, vidole vinavuja damu, na kinywani mwake inatoka sauti ya mwanamume mzima, imechoka, inauliza ni nani aliyemkatia nguo yake.

Akaitwa Yasmin, mdogo wake Mwaija. Alipokiona kile kiraka akashika mdomo.

"Dada Dorcas, umekata nguo ya jini! Marehemu alikuwa akimvalia kila mwezi ukiandama. Alikuwa kiti chake, mtu wa kupandwa naye, miaka ishirini."

"Nitakifumua! Nitakiunga upya!"

"Haiungiki," Yasmin akanong'ona. "Sasa anataka kiti kingine, na ameshakikalia."

Dorcas alimtazama mwanawe wa pekee, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akapiga magoti, akajifunika ile picha nzima kichwani.

"Mwache mwanangu. Njoo kwangu mimi."

Harufu ikakatika. Suzana akapepesa macho, akaomba maji, akaanza kulia. Yasmin akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

"Mama," Suzana akauliza baadaye, "huo wimbo umejifunza wapi?"

Dorcas alitaka kumwambia kwamba haimbi yeye. Kinywa kikaendelea kuimba.