Kadi ya Beseni Lisilo na Mtu

Siku walipoanua matanga ya bibi yao kule Migato, watu walikula wakashiba, na Nyamizi akawa na haraka ya kurudi Bariadi mjini. Huyu Nyamizi ni fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, mke wa Method na mama wa Precious, mtoto wa miaka minne. Hakuwa na tamaa ya urithi. Dada yake Milembe ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na alichosema Milembe, Nyamizi alikifuata.

Milembe akatoa kopo la zamani. Ndani mlikuwa na kadi za matangazo, zile ambazo bibi alipewa madukani Maswa enzi zake, kila aliponunua sabuni ya kufulia au bluu ya kung'arisha nguo nyeupe. Zilikuwa na picha za rangi za wanawake wakifua, wakikamua, wakianika, wote meno nje. Moja tu haikuwa na mtu. Beseni la povu, kamba ya nguo, basi.

“Chukua hii, mdogo wangu,” Milembe alisema. “Andika jina lako nyuma, kesho watu wasije wakagombania.”

Ukoo wao ndivyo ulivyozoea: anayegawiwa kitu cha marehemu hukitia jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Nyamizi akaandika. Milembe akashusha pumzi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Hazikupita siku nyingi, vidole vya Nyamizi vikaanza kukunjamana kama vya mtu aliyeshinda majini, na yeye alishinda kwenye cherehani. Akaitazama kadi. Kando ya beseni palikuwa na mguu. Baadaye ukaja mgongo wa mwanamke, umefungwa kitenge chake yeye, kile kile cha Jumapili. Uso ulikuwa bado.

Mchana huo Precious alitoka kucheza, akamtazama, akajificha nyuma ya Method.

“Baba, huyu mama ni nani?”

Nyamizi alilia mpaka akakauka. Asubuhi yake alikuwa Migato.

Milembe alikuwa uani anachambua pamba. Hata mwangaluka, salamu ya asubuhi, Nyamizi hakutoa. Aliiweka kadi mbele yake.

“Dada, futa jina langu. Mwanangu ananisahau.”

“Halifutiki, mayu.” Milembe alinong'ona, macho kwenye pamba. “Wote waliomo koponi ni wa ukoo wetu. Bibi aliniambia niingie mimi, au nitoe mtu. Mimi nina watoto watano. Wewe unaye mmoja.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Si uchawi uliomuuma Nyamizi, ni hesabu ile. Kumbe alikuwa amekwisha kupimwa na kuonekana mwepesi.

“Ulinibeba mgongoni, dada.”

“Nilikubeba.”

Nyamizi akatazama chini. Uso ulikuwa umekamilika. Unatabasamu.

Mikono yake ilikuwa majini. Maji yalikuwa ya baridi. Mdomo haukufungika.

Siku ya nne Method alifika na mtoto. Milembe alilia kuliko wote, akaapa hajamwona mdogo wake tangu matanga. Lambo la kijiji lilikuwa limekauka mwezi mzima, watu wananunua maji ya dumu, lakini kamba za Milembe zilijaa mashuka meupe yanayochuruzika. Kwenye beseni lake, nyuma ya mashuka hayo, Nyamizi aliwaona mume na mwanawe, karibu kabisa. Aliita. Hakuna aliyegeuka.

Precious akaliendea shuka moja, akalikumbatia, akaficha uso humo. Hakutaka kuondoka. Nyamizi akanyoosha mkono. Akanyoosha tena. Akagusa.

Milembe akambandua mtoto, kidole kimoja kimoja.

Waliporudi Bariadi, sisi majirani tulidhani mtoto analia. Halii. Shavuni ana alama ya kiganja cha mtu mzima, ya povu la sabuni. Tumeifuta kwa kitambaa, tumemweka juani. Huu ni mwaka wa pili, na shavu lile bado limelowa.