Mizunguko Miwili Iliyobaki

Kila siku baada ya masomo Fetuao alikuwa na kazi tatu: kufua sare yake ya shule, kuwapa nguruwe wa bibi yake maganda ya ndizi, na kukimbia. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa wavu ya shule, msichana mrefu wa miaka kumi na saba. Kijiji chake kizima, upande wa mashariki wa kisiwa cha Tutuila, kilijua anachokitafuta. Alitaka nafasi katika chuo cha kijeshi huko Amerika, ambako vijana husomeshwa bure na kutoka wakiwa maofisa.

"Leo umekimbia kama unafukuzwa na mbwa wa mchungaji," Tuaine, rafiki yake wa timu, alimtania.

"Afadhali mimi. Wewe ungeshaliwa zamani!"

Maombi yake yalikuwa karibu kukamilika. Barua ya mjumbe wa kisiwa katika bunge la Amerika ilikuwepo, alama za mitihani zilikuwepo, na daktari alishampima. Ilibaki fomu moja tu, ya majaribio ya viungo: kurusha mpira, kuning'inia kwenye chuma, kupiga pushapu, na mwisho kabisa kukimbia maili moja. Yote lazima yafanywe kwa mkupuo mmoja, mbele ya mwalimu, na fomu itumwe Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Alhamisi mvua kubwa ikaujaza maji uwanja wa shule. Kocha Ropati akaamua majaribio yafanyike kwenye uwanja wa kijiji, katikati ya nyumba. Akaupima kwa kamba na kupata kwamba mizunguko sita ni maili moja. Kwanza basi la timu lilichelewa kuwaleta kutoka shuleni, kisha wakangoja manyunyu yapite. Walipoanza, jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya mlima.

"Kocha, saa ya sala imekaribia," Fetuao alisema.

"Tutawahi. Wewe kaza misuli tu, binti."

Haraka haraka haina baraka, lakini mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Fetuao alipiga pushapu arobaini na moja, na Tuaine akarukaruka kwa furaha kama yeye ndiye aliyezipiga. Kisha filimbi ya maili ikalia. Fetuao alimaliza mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, pumzi bado anazo. Alipokamilisha wa nne, kengele ya sala ikagongwa.

Kengele yenyewe ni mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa mtini, lakini ikilia hakuna anayebishana nayo. Vijana wa kijiji, wamejifunga lavalava viunoni, walikuwa wameshajipanga barabarani kuzuia magari. Yeyote aliye nje hukaa chini pale pale alipo mpaka sala iishe. Fetuao aliwaza, mizunguko miwili tu! Miguu ilitaka kuendelea, lakini malezi yalikataa. Akaketi kwenye majani yaliyolowa. Nyimbo za sala zikapanda kutoka nyumba zote, naye akalia kimya kimya, kwa maana alijua jaribio limeharibika.

Kengele ya kumaliza ilipolia, Kocha Ropati alimwendea akiwa na kalamu na fomu mkononi.

"Acha kulia. Kwa mwendo ule ungemaliza kwa dakika sita na sekunde thelathini na mbili. Nimeshaandika na kusaini. Nawe ukisaini, kesho niletee niitume."

Fetuao alishukuru kwa sauti ndogo. Nyumbani Bibi Telesia alikuwa ameandaa talo, yale magimbi ya kwao, na samaki wa kopo.

"Majaribio yamekwendaje, mjukuu wangu?"

"Vizuri, Bibi," alijibu.

Baada ya chakula aliitazama ile fomu. Chini palikuwa na nafasi ya saini yake, na maneno kwamba mwombaji anathibitisha yote yaliyoandikwa ni kweli. Tuaine, aliyekuja kumsalimu, akampa kalamu.

"Saini basi! Kaandika Kocha, hukuandika wewe. Na kwani hungeweza?"

"Kuweza ni jambo moja, Tuaine. Kukimbia ni jingine. Mimi sikukimbia."

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili, Fetuao alikuwa mlangoni kwa Kocha Ropati. Kwao mtoto hasemi na mkubwa akiwa amesimama, kwa hiyo aliingia, akakunja miguu mkekani na kuinamisha kichwa. Aliogopa hasa.

"Samahani, Kocha. Siwezi kuisaini fomu hii. Maili sikuimaliza."

Uso wa Kocha ukabadilika. "Yaani umekuja kuniita mwongo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Hapana, Kocha. Nasema mimi sijakimbia. Naomba turudie."

"Tukirudia, tunarudia yote. Unajua mikono yako leo ikoje?"

"Najua. Asubuhi hii nimeshindwa hata kuchana nywele."

Mke wa Kocha, aliyekuwa jikoni, akaangua kicheko. Kocha hakucheka. Aliichana ile fomu vipande viwili na kutoa nyingine tupu.

"Vaa viatu," alisema.

Safari hii pushapu zilikuwa ishirini na saba. Maili ilichukua dakika saba na sekunde tisa, na mzunguko wa mwisho Fetuao aliukimbia huku akiugulia. Kocha aliandika hesabu zote kama zilivyo. Penye nafasi ya maelezo akaandika mistari michache. Saa tano fomu ikatumwa.

Miezi ikapita. Barua ilifika mwezi wa Aprili, timu ikiwa mazoezini. Fetuao aliisoma kwa sauti. Atakwenda mwaka mmoja katika shule ya maandalizi ya chuo, ajenge mwili na kunoa hesabu. Akifaulu, nafasi yake chuoni ipo. Chini palikuwa na mstari mmoja zaidi: "Mwalimu wako alitueleza kwamba mara ya kwanza aliandika muda ambao hukuukimbia, nawe ukakataa kuusaini. Tunakungoja."

"Kumbe uliwaeleza, Kocha?" Fetuao aliuliza.

"Niliwaeleza. Niliona aibu, lakini niliwaeleza."

"Sasa amekubaliwa au hajakubaliwa?" Tuaine alidakia, na wote wakacheka, Fetuao akifuta machozi.

Kocha Ropati aliwakusanya wachezaji wake wote.

"Sikilizeni, wanangu. Zile dakika sita na sekunde thelathini na mbili zilikuwa zangu, hazikuwa za Fetuao. Nilidhani namsaidia. Siku ya kwanza huko chuoni wangemwambia, 'Haya, kimbia.' Angezitoa wapi? Lakini dakika saba na sekunde tisa ni zake. Atazipeleka popote, na kila siku atazipunguza kwa miguu yake mwenyewe."

Fetuao aliikunja barua, akampa Tuaine amshikie, akaanza kukimbia.