Ingobyi ya Akaliza

Jumatatu ile nilikuwa uani natenga viazi, vikubwa vya kuuza, vidogo vya kula, vilivyokatwa na jembe vya nguruwe wa jirani. Jua lilikuwa zuri. Ndipo nikasikia tingatinga likipanda kutoka Rugerero, likikohoa kama mzee mvuta kiko, nikajua barabara imefika kwetu.

Nisiwadanganye, barabara hii ni kitu kizuri. Zamani kutoka huku juu Mudende maziwa yalifika mjini yameshaganda. Viazi vyetu vilishuka kwa migongo ya wanawake, na ukichelewa kufika mpakani, pale Grande Barrière, wanunuzi wa Goma wameshavuka na mifuko ya wengine. Sasa mtu anavuna asubuhi na saa nne ameshauza. Wanawake wengi wa kilima hiki walipata kazi ya kupanga mawe ya mtaro. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, waulizeni wakwe zangu. Lakini hili nalisifu.

Tatizo langu lilikuwa kapita.

Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, alikuwa Bahizi. Kabla ya barabara huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama cha ingobyi. Nyie vijana hamjui. Ingobyi ni kitanda cha mianzi kilichosukwa, chenye miti miwili ya kubebea. Mgonjwa analazwa ndani, wanaume wanne wanaweka miti begani, wanashuka naye hadi hospitali ya Gisenyi. Kila nyumba ina zamu. Wakichoka, aliye mbele anapiga kelele, “Badilisha bega,” na wote wanabadilisha bila kusimama. Sheria ni moja: mgonjwa akishainuliwa hashushwi chini mpaka afike.

Miaka kumi na miwili iliyopita walimwinua binti yangu Akaliza. Alikuja kujifungulia kwangu, mtoto akakwama. Wabebaji walikuwa Bahizi, Hategekimana, Karangwa na Cyiza. Mimi nilifuata nyuma na khanga na chupa ya chai. Tulipofika kwenye kona, penye jiwe jeusi kubwa kama ng'ombe aliyelala, mvua ikaanza kunukia. Bahizi akauliza, “Bwana yake iko wapi? Mbona haiko hapa abebe?”

Nikamwambia mume wake ni mvuvi, yuko ziwani tangu jana.

“Donc, yeye hajabeba mutu hata siku moja,” akasema. “Na sisi tukufe na mvua juu ya bibi yake.”

Wakamshusha juu ya jiwe. Walisema wanakwenda kutafuta wengine. Nilikaa naye. Alikuwa anapumua na kuniuliza kama tumefika. Aliniuliza mara nyingi. Halafu hakuuliza tena.

Kwenye mkutano wa kijiji wote wanne walisema Akaliza alikufa nyumbani kwangu kabla hawajamwinua, na kwa kuwa ingobyi ya wagonjwa haibebi maiti, hawana kosa. Watu wakawaamini wanaume wanne, wakamwacha bibi mmoja aliyesoma mpaka darasa la tatu kule Karagwe. Ingobyi ile niliiburuta mwenyewe hadi nyumbani. Nikaitundika ghalani, sikuiosha. Kila nikiingia kuchukua mbegu, naiambia neno lile lile: watakubeba mpaka mwisho.

Sikutaka fidia wala ng'ombe. Nilitaka watu wale waseme mbele ya kijiji kwamba walimshusha akiwa hai.

Sasa barabara ilifika kwenye kona. Bahizi aliamuru lile jiwe lipasuliwe litandazwe chini ya barabara. Nilikwenda kumwambia aliache.

“Mukecuru,” akanijibu, maana hapa bibi kizee tunamwita hivyo, “hii ni maendeleo. Jiwe ni jiwe. Rudi kwa viazi yako.”

Nikarudi kwa viazi yangu.

Walilipasua. Wakatandaza, wakashindilia kwa lile gari lenye gurudumu la chuma. Asubuhi iliyofuata udongo ulikuwa na nyayo. Nyayo za miguu mitupu, za watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, visigino vimezama kama vya watu waliobeba kitu kizito. Zilitoka juu, zikateremka, zikafika pale jiwe lilipokuwa. Hapo zikaisha. Hazikuendelea wala hazikurudi.

Injinia alisema ni vibarua wanafanya mzaha. Wakashindilia tena. Kesho yake zilikuwepo.

Mguu mmoja wa nyuma haukuwa na kidole gumba. Wanawake wa mtaro waliuzunguka, wakainama kuutazama. Cyiza alikatwa kidole gumba cha mguu na shoka. Na Cyiza tulimzika miaka mitano iliyopita.

Siku ya nne Hategekimana alikuja kwangu, mchana kweupe, kofia mkononi. Alisimama mlangoni kama mtu anayedaiwa.

“Mukecuru,” akanong'ona, “iko kitu inanikalia ku bega.”

“Bega gani?”

“Ya kuume.”

“Funua.”

Akafungua shati. Alikuwa na alama nyeusi, pana kama mti wa ingobyi, imezama kwenye nyama. Nilibonyeza kwa kidole. Akauma meno.

“Unanitendea nini?” akauliza.

“Mimi? Mimi sijui dawa hata ya minyoo. Mlibeba kitu hamkukifikisha. Sasa unataka nikubebee?”

“Niseme nini?”

“Unajua.”

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tulipomaliza kufyeka kando ya barabara na watu wamekaa kwenye nyasi kwa mkutano, Hategekimana alisimama akasema. Alisema yote: mvua, jiwe, na kwamba walipoondoka Akaliza alikuwa anawaita kwa majina. Hilo la majina sikulijua. Wakati wanaondoka mimi nilikuwa nimeshuka kijitoni kuloweka khanga.

Bahizi alicheka. “Huyu amekunywa,” akasema. “Mimi najenga barabara, yeye anajenga uongo.”

Kesho yake kwenye kona kulikuwa na nyayo za watu watatu.

Bega la Hategekimana lilipona kwa wiki moja. Bahizi alianza kuvaa koti hata kwenye jua. Nilimwona akila kwa mkono wa kushoto. Nilimwuliza kwa upole, mbele ya vibarua wake, “Bega vipi, kapita?”

“Iko sawa,” akasema. Jasho lilikuwa linamtoka.

Hatimaye walimwaga lami. Lami ni ngumu, haikamati nyayo. Bahizi akadhani amenishinda.

Siku ya kufungua barabara watu walijaa, wanafunzi wa shule, wauza viazi, vijana wa pikipiki, na ambilansi mpya imepambwa kwa majani. Ambilansi hiyo ndiyo ilikuwa faida kubwa kuliko zote. Kuanzia siku ile hakuna mama wa Mudende atakayeshuka kwa mabega ya watu. Walitaka mzee mmoja apande kwa mfano, nikapanda mimi. Nikalala pale pa mgonjwa. Pazuri, palaini. Nilimwambia dereva, “Miaka kumi na miwili umechelewa.”

Bahizi alitangulia kwa miguu, suti mpya, akiongoza watu. Alifika kwenye kona.

Akasimama.

Bega la kulia likashuka. Mkono wake ukapanda, ukashika kitu kisichokuwepo. Magoti yakapinda. Akaanza kwenda, kwa zile hatua fupi za haraka za wabebaji. Watu walicheka kwanza. Halafu wakaona shingo yake. Mishipa ilikuwa imesimama kama kamba.

“Badilisha bega,” akaita.

Watu wakasogea kando.

Dereva alipiga honi. Hakupisha. Tulimfuata polepole, mimi ndani, kilima chote, Rugerero yote. Kila baada ya muda aliita.

“Badilisha bega.”

Sauti ilikuwa imekwisha. Mshono wa suti ulikatika. Viatu vilikatika. Wanaume wawili walijaribu kumshika wakamwachia. Walisema ni mzito kupita mtu mmoja.

Tuliingia mjini. Geti la hospitali. Hapo akapiga goti, akashusha mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayeweka mtoto chini.

“Mumupokee,” akamwambia nesi. “Anapumua.”

“Nani?”

“Akaliza. Tulimushusha akipumua.”

Watu wote walisikia. Kisha akalala pale pale langoni. Daktari alisema mfupa wa bega umesagika. Hakufika jioni. Sikulia, na sitawadanganya kwamba nilitaka kulia.

Ambilansi ilinirudisha nyumbani kwa barabara mpya, haraka hata chai yangu ya asubuhi haikuwa imepoa kwenye chupa. Niliingia ghalani kuchukua ufunguo wa banda. Ingobyi ilikuwa inaning'inia palepale, kufuli halijaguswa. Miti yake miwili ilikuwa na lami mbichi kwenye ncha. Kwenye ncha ya mbele ya mti wa kulia palikuwa na uzi wa suti. Nikaingiza mkono ndani, kwenye mianzi ambayo imekauka miaka kumi na miwili.

Ilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka sasa hivi.

Mambo ya Cyiza, Akaliza atajuana naye huko huko walipo. Karangwa yeye anaishi Mbarara, Uganda. Jana amenipigia simu, mara ya kwanza katika miaka yote hii. Sauti yake ilikuwa ndogo. Anasema bega linamuuma.

Nikamwambia barabara imekwisha, basi linapanda mpaka kwetu. Aje.