Ruta ya Kwa Safia

"Usiniite mpenzi. Niambie tu kila jioni unafuata nini kwa Safia."

"Odeta, jioni nakuwa kwangu."

"Kwako wapi? Soma hapa." Odeta akageuza kompyuta juu ya kaunta ya duka lao. "Simu ya Mhoja, ruta ya kwa Safia. Jana, juzi, wiki nzima. Ruta tumezifunga wenyewe, majina tumezipa wenyewe. Leo ndiyo zinadanganya?"

Mhoja alikuwa na vumbi la dari kwenye nyusi na koleo mfukoni mwa ovaroli. Walikutana soko la Mkuyuni, siku Mhoja alipoomba kupitisha waya juu ya meza ya vitenge ya Odeta. Odeta akamjibu kwamba waya utapita, yeye atabaki anunue. Akanunua. Baadaye wakaanzisha pamoja hotspoti ya kuuza intaneti, ruta paa hili, nyingine paa lile, zote kwa jina moja, ili mwenye vocha atembee mlima mzima bila kukatika. Kwenye kompyuta kila ruta iliitwa kwa mwenye nyumba. Ya ng'ambo ya bonde ilikuwa kwa Safia, fundi cherehani aliyeachika, mzuri wa sura na mwepesi wa kucheka. Angekuwa bibi kizee, ugomvi huu usingekuwepo.

"Wajomba zangu wako njiani, wanakuja kwenu kuposa," Mhoja akasema. "Naomba haya tuyaongee kesho."

"Tutayaongea sasa." Odeta akapiga simu. "Baba, shikamoo. Wale wageni wa leo wasipokelewe. Akili ninazo, baba. Mhoja ana mwanamke mwingine."

Wazee wa ukoo wa Mhoja wakirudishwa mlangoni hawaendi tena nyumba hiyo, hata kijana wao alie vipi. Odeta alilijua hilo wakati anapiga. Mhoja akaweka ufunguo wa duka juu ya kaunta, akatoka.

Haikupita muda simu ikaita. Ni Mama Dorotea, mwenye nyumba aliyopanga Mhoja. Mtandao unasuasua na Mhoja hapokei. Odeta akapanda mlimani. Tuseme ukweli, hakufuata mtandao. Alitaka kuchungulia chumba cha Mhoja, aone kanga ya mwanamke.

Alipanda na gauni lake la zambarau, aliloshonesha kwa ajili ya wageni, likinasa kwenye mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mawe yenyewe haya, na wewe umevaa kama bibi harusi?"

Dirisha la Mhoja lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na kitanda cha mtu mmoja, jiko la gesi na nyaya. Odeta akatoa simu aangalie mtandao. Ukurasa wa hotspoti ukaandika: umeunganishwa, kwa Safia.

Akausoma tena.

"Mama, ruta yenu si ile ya kwa Nestory, hapo nyuma?"

"Ya Nestory imezibwa na lile jiwe." Lilikuwa kubwa kuliko nyumba. "Upande huu sote tunashika ya ng'ambo, bondeni hakuna cha kuzuia. Mwenzio anasema ataihamisha ya Nestory, hahamishi. Atahamisha saa ngapi? Jioni yuko hapo kwenye kigoda, simu sikioni, malkia wangu, malkia wangu. Mpaka tunakoma."

Malkia ni yeye. Zile saa alizozisoma kwenye kompyuta ni saa walizokuwa wakiongea, yeye jikoni kwa baba yake, akicheka mpaka ugali unaungua.

Akampigia Mhoja, simu imezimwa. Akampigia baba yake, haikupokelewa. Akapiga tena, akapiga tena. Akateremka mbio, viatu mkononi, akasimamisha bodaboda.

"Buhongwa, nyumbani kwa baba. Kimbia, kaka yangu, nakuomba."

Aliwakuta Mhoja na wajomba zake nje ya geti la baba yake, kufuli limefungwa. Gari la wajomba lilikuwa limeshageukia barabara ya Shinyanga, injini inanguruma. Odeta akasimama mbele yake.

"Ondoka njiani," Mhoja akasema dirishani. Macho yalikuwa mekundu. "Nimeaibika vya kutosha."

"Ulikuwa unaongea na mimi. Jiwe limeziba ruta ya Nestory, simu yako inashika ya ng'ambo. Nimetoka huko, nimeona. Nimekusingizia, Mhoja."

Mjomba Ngosha, aliyekaa mbele, akatoa kichwa. "Huyu binti anasema nini?"

"Anasema alinisingizia."

"Anayasema mbele yetu?"

"Mbele yenu, mjomba," Odeta akajibu, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake. "Shikamooni. Kosa ni langu, si la baba."

Nyuma ya geti ikasikika sauti ya Mzee Revocatus, baba yake.

"Odeta, geti hilo usilifungue. Wageni nimeshawafukuza kwa neno lako. Sitageuzwa mara mbili kwa siku moja."

Hajawahi kumvunjia baba yake neno. Akatazama gari, akatazama geti. Akainuka, akatoa ufunguo wake wa nyumbani.

"Nisamehe, baba."

Akapenyeza mkono kwenye tundu la geti, akafungua kufuli, akasukuma milango yote miwili mpaka ikagonga ukuta, akasimama pembeni kupisha.

"Karibuni ndani, wajomba."

Mzee Revocatus alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Mjomba Ngosha akamtazama Mhoja, naye akaitikia kwa kichwa. Ngosha akamgusa dereva begani, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea getini.