Mayala Hakuambiwa Anavuka

Pikapu ya Chenge ilikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Tangu ainunue, mtumba wa Dubai, nyeupe, haikuwahi kumwaibisha mbele ya majirani zake wa Mkolani. Ufunguo mara moja, inanguruma. Akina mama wa mtaa ule walikuwa wakiisikia ndipo wanaamsha watoto waende shule. Kwa hiyo asubuhi ile ilipokohoa na kunyamaza, Chenge alishangaa kuliko alivyokasirika. Akajaribu tena. Ikakohoa kikohozi cha majimaji, cha mtu aliyepaliwa.

Akamwita Venant, fundi mwenye maneno mengi na spana chache. Venant akapima betri, nzima. Akachomoa plagi, moto upo. Akasugua platini ambazo hazikuomba kusuguliwa, akagonga stata kwa nyundo kwa sababu fundi asipogonga kitu haonekani amefanya kazi. Kisha akafungua kabureta, akanyamaza, na hilo halikuwa kawaida yake.

"Bosi, mafuta umenunua wapi?"

"Palepale pa siku zote."

"Basi safari hii wamekuuzia ziwa."

Akamwonyesha kiganja. Kilikuwa kimejaa maji yenye ukijani, yakinuka magugu maji, yale majani yaliyokuwa yameanza kulifunga ziwa miaka hiyo. Ndani ya maji mlikuwa na gamba moja la sangara. Venant akacheka, akasema tangu biashara iwe ruksa watu wanachanganya kila kitu na kila kitu. Akamwaga tanki lote, wakasukuma, gari likawaka.

Chenge hakucheka. Lile gamba lilimwingia moyoni likakaa, kwa maana wiki chache nyuma alikuwa amembeba Mayala.

Mayala kwao ni Usagara, lakini alivua ng'ambo, upande wa Sengerema. Yeye na Chenge walianza pamoja na wavu mmoja wenye viraka. Baadaye Chenge akapata gari, Mayala akabaki majini akimkusanyia sangara wa kupeleka kiwandani. Homa ikamchukua upesi, hata dawa haikuwahi. Mzee Nkwabi, mkuu wa kambi ya wavuvi, akaviringisha mwili kwenye turubai, na kabla hajaufunga mlango wa gari akamshika Chenge mkono.

"Kwetu maiti hapitishwi majini kimyakimya. Ukifika kivukoni mwite kwa jina. Mwambie, Mayala, tunavuka, twende nyumbani. Asipoambiwa atahangaika, hatajua kama amefika."

"Sawa, mzee," Chenge alisema.

Ni kazi ndogo. Mtoto angeiweza. Lakini Chenge hakumwita. Kwa nini hakumwita, na mengine aliyoyafanya siku ile, hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe Hellen. Mayala alizikwa, watu walikula, walimshukuru dereva.

Kesho yake, baada ya Venant kumwaga tanki, maji yalikuwemo tena kwenye kabureta, na keshokutwa. Venant aliacha kucheka. Jioni, gari likiwa limeegeshwa kando ya nyumba, Hellen alikuwa akianua nguo akasikia kitu kinapigapiga kwenye bodi la nyuma, polepole, mpigo wa mkia wa samaki ambaye hajafa vizuri. Akasogea. Bodi lilikuwa tupu. Harufu tu ndiyo iliyokuwapo, ya barafu iliyoyeyuka na turubai bichi.

Akaingia ndani, akamnong'oneza mumewe.

"Baba Rose, umeacha mtu kwenye gari?"

"Mtu gani?"

"Sijui. Lakini gari limekaa chini nyuma. Limekaa kama lina mtu."

Chenge alimwambia springi zimechoka. Springi zilikuwa mpya, na Hellen alijua.

Siku iliyofuata, mchana, akaja Ng'washi, mama yake Mayala, kutoka Usagara. Alikuja na basi, na kuku mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sikuja kukusumbua. Kuku huyu wa kwako. Watu wengi wangemwacha mwanangu kulekule."

Bora angemtukana. Ng'washi akakaa kwenye mkeka, akaeleza kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Anamwota Mayala. Yuko nyuma ya gari, amelala kwenye barafu. Gari linapita njiapanda ya kwao, anamwona mama yake uani anachambua choroko, anamwita, gari halisimami.

"Tumezika mwili, baba, lakini mwanangu hajafika. Najua ulimwita. Labda ulikuwa upepo, hakusikia. Nipeleke Busisi nimwite na mimi. Sauti yangu anaijua."

Chenge angekataa vipi? Akatoka, akaweka ufunguo, akageuza. Kimya. Venant akaja na mpira wake wa kunyonyea mafuta, akanyonya, akatema. Safari hii hapakuwa na maji. Moto upo, mafuta yapo, betri nzima, stata nzima. Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Bosi, hili gari halina ugonjwa. Mimi hapa nimefika mwisho." Akaondoka bila kudai chochote, na hilo ndilo lililomtisha Chenge kuliko yote.

Ng'washi alikuwa ameshaketi mbele, khanga yake imefunika magoti.

"Ulimwita ukasemaje, baba? Nifuate maneno yaleyale."

"Nilisema, Mayala, tunavuka, twende nyumbani." Akageuza ufunguo. Hata taa za dashibodi hazikuwaka.

"Nilisema polepole, mama." Akageuza tena. Nyuma yao, kwenye bodi tupu, kitu kikapiga bati mara moja, kwa nguvu.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Chenge ilikuwa imeishia hapo, uani kwake, na mama wa marehemu pembeni.

"Sikumwita," alisema. "Niliona haya mbele ya watu."

Gari likawaka kwa ufunguo mmoja, kama zamani. Ng'washi aliangalia mbele, barabarani.

Walipofika njiapanda ya Usagara, injini ikazimika yenyewe. Kutoka pale paa la nyumba ya Ng'washi linaonekana. Chenge hakugusa ufunguo. Alishajua gari linataka nini, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Hapa tulipita, mama. Siku ile. Nilikuwa nimepakia samaki, barafu inayeyuka, kiwanda kinafunga geti. Nilimweka Mayala katikati ya samaki. Nikapita hapa naye mpaka mjini, nikashusha mzigo, ndipo nikamrudisha kwako."

Lori likapita. Ng'washi akafungua kinywa.

"Alikuwa na magamba kwenye nywele. Niliyatoa moja moja. Nikawa nawaambia wanawake, oneni mwanangu, mpaka amekufa kazi imemng'ang'ania." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Endesha."

Walivuka Kigongo bila matata, wakashuka Busisi, wakageuza gari kwenye foleni ya kurudi. Hapo ikazimika tena, mdomoni kabisa mwa pantoni, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Chenge aliinama dirishani akanong'ona, "Mayala, tunavuka."

Bodi la nyuma likapigwa, pa, pa, pa, mpaka kioo kikatetemeka.

"Kuna jingine," alisema Ng'washi. "Toa lote. Nimeshazeeka, siogopi kusikia."

Chenge akalitoa, na kulitoa kulimuuma kama kung'olewa jino. Pale pale pantonini abiria walimuuliza siku ile amebeba nini kwenye turubai, kwa maana watu hawapendi kuvuka na maiti. Naye akawajibu, samaki. Mmoja akauliza mbona kirefu, akasema sangara mkubwa, wakacheka wote, na yeye akacheka, mkono wake umelalia turubai, na chini ya turubai lilikuwa bega la Mayala.

Ng'washi alilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akageuka akatazama bodi la nyuma.

"Samaki hana kwao," alisema. "Ndiyo maana hashuki. Panda juu. Mwite kwa sauti ileile uliyochekea."

Chenge alipanda kwenye bodi la nyuma. Watu wakamtazama: wachuuzi wa ndizi, wanafunzi, mtumishi mmoja wa Mungu na mkoba wake. Akapaza sauti.

"Mayala! Mwana wa Ng'washi! Wewe si samaki, wewe ni mtu, nilikosa! Tunavuka! Panda twende nyumbani!"

Kijana mmoja akaanza kucheka, akakatisha, kwa sababu pikapu ilikuwa imeshuka nyuma, hivihivi, bila mtu mwingine kuigusa, ikashuka taratibu kama inavyoshuka mtu mzima anapokanyaga na kukaa. Chenge akafumba macho akashukuru. Alipofumbua, bado ilikuwa inashuka.

Injini ikawaka yenyewe, Chenge akarudi kwenye usukani. Maji yote walivuka Chenge akiwa hajui afurahi au alie, akisikia ubaridi wa barafu unampuliza kisogoni kutoka kwenye kioo kilichofungwa, akisikia nyuma yake minong'ono ya watu wanaobanana wapate nafasi, na kila alipotazama kioo cha juu aliona bodi tupu na maji ya ziwa, na walipotoka Kigongo kupanda ule mlima gari lilivuta kwa shida, gia ya kwanza, moshi mweusi, matairi ya nyuma yamebonyea, kama limepakia mahindi ya kijiji kizima, na Ng'washi pembeni yake haachi kutaja jina la mwanawe, Mayala, tumefika Nyang'holongo, Mayala, ile pale ni njia ya kwetu, Mayala, shikilia.

Walifika jua linazama. Ng'washi akashuka, akazunguka nyuma, akafungua kibati kinachofunga bodi kwa nyuma, kwa mikono yake.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Shuka."

Pikapu ikainuka kidogo. Nyasi za uani zikalala, alama moja ya maji, nyingine, mpaka mlangoni. Ng'washi aliitazama njia ile ya maji kwenye nyasi, uso wake ukatulia kwa namna ambayo Chenge hakuwahi kuiona, naye Chenge akahisi kifua chake kinafunguka baada ya wiki zote zile. Akashika gia aondoke.

"Ngoja," alisema Ng'washi. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye bodi. Alikuwa akitazama ndani yake, akisogeza macho kutoka kona hii mpaka ile.

"Chenge." Hakumwita tena baba. "Hawa wengine si wangu."

"Nani, mama?"

"Umesimama kivukoni ukapaza sauti, wewe ni mtu, panda twende nyumbani. Unadhani ni Mayala peke yake aliyepitishwa pale kimyakimya?" Akafunga kibati, polepole, asije akambana mtu vidole. "Umewaita mwenyewe. Wapeleke."

Akaingia ndani, akafuata nyayo za mwanawe, akafunga mlango.

Chenge alibaki na mikono kwenye usukani. Injini ikazimika. Hakujaribu kuiwasha. Nyuma mtu alikohoa, mwingine akamnyamazisha, na kisha, karibu kabisa na sikio lake, kikatoka kisauti cha mtoto mwenye adabu.

"Shikamoo."

Salamu ya mtoto haiachwi chini. "Marahaba," Chenge aliitika, akaanza kulia. "Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Sijui," kikasema kile kisauti. "Mimi nilikuwa nimebebwa mgongoni. Watu waliambiwa nimelala."