Mwizi Aliyeacha Chanjo ya Surua

Jumatatu tarehe 18 Agosti, saa moja na dakika kumi asubuhi, muuguzi Joyline alifungua chumba cha chanjo katika Zahanati ya Nyota Saba, Kangemi, akavuta mlango wa friji, akabaki ameushikilia. Rafu ya kati ilikuwa tupu. Ya chini nayo ilikuwa tupu. Nje, akina mama kumi na wanne walikuwa wameshaketi kwenye benchi na watoto wao, wakisubiri.

Aliufunga mlango, akaufungua tena. Kisha akamwita mkuu wake.

"Sista Milcah! Chanjo zimeibwa!"

Saa tatu na dakika arobaini Ivyne Nekesa alifika. Alikuwa afisa wa kufuatilia magonjwa katika eneo hilo, mwanamke wa sauti ya chini, asiyeamini kitu mpaka akiandike kwenye daftari lake. Alimkuta Koplo Mutinda wa kituo cha polisi amemtangulia, anakagua mlango.

"Kufuli haijavunjwa," Mutinda alisema. "Funguo ziko mbili. Moja anayo Sista Milcah, ingine inakaa kwa kisanduku cha mlinzi. Hii kesi ni fupi, madam. Tutamaliza kabla ya chakula cha mchana."

Ivyne alifungua daftari lake. Zahanati hiyo ilikuwa akilini mwake tangu Ijumaa. Siku hiyo alikuwa katika hospitali kubwa ya Upper Hill, amesimama kando ya kitanda cha mtoto wa karibu miezi mitano aitwaye Trevor. Mtoto alikohoa mfululizo mpaka midomo ikawa ya bluu, kisha akavuta pumzi kwa mlio kama wa jogoo aliyekabwa. Kilikuwa kifaduro, na kipimo kilikuwa kimethibitisha. Mama yake, Yvonne, mfuaji nguo wa Kangemi, alitoa kadi ya kliniki kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Trevor alikuwa amepata chanjo ya pentavalenti, ile inayokinga magonjwa matano kikiwemo kifaduro, mara zote tatu: wiki ya sita, tarehe 8 Mei, wiki ya kumi, tarehe 5 Juni, wiki ya kumi na nne, tarehe 3 Julai. Hakuchelewa hata siku moja. Na zote alidungwa Nyota Saba.

Saa tisa na nusu alasiri ya Ijumaa hiyo, Ivyne alipiga simu zahanati kuuliza kuhusu Trevor, akasema Jumatatu angekuja kuangalia. Aliyepokea alikuwa Sista Milcah mwenyewe. "Kama kadi imeandikwa tulimdunga, basi tulimdunga," alisema.

Sasa Ivyne aliinama mbele ya friji. Aliandika kilichokosekana: pentavalenti, chanjo ya nimonia, polio ya sindano, rota, ile ya kuzuia kuhara, na ya pepopunda wanayopewa wajawazito. Chini yake aliandika kilichobaki: BCG ya kifua kikuu, matone ya polio, na chanjo ya surua na rubela, pakiti sita nzima, pamoja na chupa ndogo za maji ya kuichanganyia.

Alitoa boksi la maji hayo. Kichupa kimoja kilikuwa na ufa kuanzia shingoni hadi kitakoni. Hakikuwa na maji ndani. Kingine kando yake kilikuwa vivyo hivyo. Boksi lenyewe halikuwa limebonyea popote.

"Mwizi alikuwa na haraka, akaziangusha," alisema Mutinda.

"Na akazirudisha kwenye boksi?"

Mlangoni mwa friji palining'inia karatasi ya kuandikia joto, asubuhi na jioni, siku zote za mwezi. Mwandiko ulikuwa mmoja, wa duara, na kila mahali paliandikwa nne. Nne ni nzuri. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane. Ivyne alishuka na kidole mpaka tarehe 18. Asubuhi, nne. Jioni, nne. Akatazama saa yake. Ilikuwa haijafika hata saa nne ya asubuhi.

Alimwita Joyline kando.

"Nani huandika hii karatasi?"

"Sista mwenyewe. Hiyo friji ni yake, madam. Mimi hudunga tu."

"Jumamosi mlifunga saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Mimi nilitangulia. Sista alibaki kupiga deki."

"Na asubuhi hii uliingia na ufunguo gani?"

"Wa kisanduku cha mlinzi. Ulikuwa pale pale."

Mlinzi alikuwa Mzee Omollo, mtu mrefu wa miaka sitini na mbili, aliyekuwa zamu yeye peke yake kuanzia Jumamosi mchana. Mutinda alimkalisha kwenye kiti cha wagonjwa.

"Mzee, jana ulitoka hapa?"

"Sikutoka, Afande."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mama wa mboga pale kwa geti anasema saa nane hadi saa kumi na moja kiti chako kilikuwa tupu."

Omollo alitazama mikono yake. Saa tano kasoro walimpakia kwenye gari la polisi. Sista Milcah alisimama barazani akitazama. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na Desemba angestaafu. Nusu ya vijana wa Kangemi walikuwa na kovu la BCG lililotoka mkononi mwake. Omollo alipopita mbele yake alisema, "Sista, waambie. Wewe unanijua." Milcah aligeuka akaingia ndani.

Ivyne aliwaambia akina mama warudi Jumatano. Kisha akamwomba Mutinda waende pamoja kwa mtu wa pili aliyetajwa asubuhi hiyo: Navin, mwenye duka la dawa mkabala na soko. Wiki iliyopita alikuwa amefika zahanati kuulizia chanjo ya nimonia.

"Ni kweli niliulizia," Navin alisema bila wasiwasi, akifuta kaunta yake. "Mama yangu ana miaka themanini. Nilitaka kujua kama wanawapa wazee, Sista akaniambia ile ni ya watoto. Afande, karibu uangalie friji yangu. Ingia tu."

Ndani mlikuwa na insulini, mfuko wa maziwa na kipimajoto. Mutinda alisogeza maboksi, akatikisa kichwa.

"Hii insulini ni mpya yote?" Ivyne aliuliza.

"Mpya. Ile ya zamani nilitupa Julai, boksi zima. Baridi ya mwezi ule, na friji nilikuwa nimeizidisha, ikaganda. Ikishaganda hiyo si dawa tena, dada yangu. Watu wanaogopa joto peke yake."

Ivyne alisimama hapo akiwa ameshika kalamu. Mutinda alitoka nje kwanza, na Ivyne alipomfikia hakuingia garini. Alifungua daftari juu ya boneti.

"Koplo, tazama hizi orodha mbili. Kama ni mtu wa kuuza, kwa nini aache surua? Ndiyo kila mtu anaitafuta mwaka huu."

"Labda hakujua."

"Alijua kuliko wewe na mimi. Soma alizochukua. Pentavalenti, nimonia, polio ya sindano, rota, pepopunda. Zote zikiganda zinaharibika. Sasa soma alizoacha. BCG, matone ya polio, surua. Hizo zikiganda hazidhuriki. Joto lingeingia kwa friji, matone ya polio ndiyo yangekufa ya kwanza, na yako pale. Chupa za maji zilipasuka kwa sababu maji yakiganda yanavimba. Hakuna aliyeziangusha."

Mutinda alisoma polepole, mara mbili. "Kwa hivyo hakuna mtu aliyetaka chanjo."

"Alitaka zisionekane. Chupa iliyoganda ukiitikisa na kuiweka mezani, unga wake unazama chini haraka. Ningeingia pale leo nikatikisa moja tu, ningejua."

"Na Mzee Omollo?"

"Muulize tena alikuwa wapi. Lakini muulize kwa upole."

Omollo alisema ukweli jioni hiyo, seli ikiwa imetulia. Alikuwa ameenda Dagoretti, kwenye machinjio, kwa sababu jamaa yake anayechinja pale alikuwa amemwekea kichwa cha ng'ombe na miguu. Mlinzi anayeacha lindo anafukuzwa, ndiyo maana alinyamaza. Mchinjaji alithibitisha kwa simu. Lakini mkuu wa kituo alisema hatamwachilia mtu kabla hajapata mwingine.

Jumanne saa kumi jioni, zahanati ikiwa imefungwa, watu watatu walikaa katika chumba cha chanjo. Sista Milcah alikaa karibu na friji. Mutinda alikaa mlangoni. Ivyne aliweka ile karatasi ya joto mezani.

"Sista, hii umeandika wewe?"

"Ni mimi."

"Jana nilifika hapa asubuhi. Ya jioni ilikuwa imeshaandikwa."

Milcah aliitazama kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Pengine nilikosea mstari."

"Pengine. Jumamosi ulibaki kupiga deki. Joyline anasema kuna kijana anayelipwa kwa kazi hiyo, na alikuwa ameshaimaliza. Ulipangusa maji gani, Sista? Ya barafu ya friji?"

Milcah aligeuza macho kwenye friji.

"Nilipiga simu Ijumaa nikiuliza kuhusu Trevor. Ni wewe peke yako uliyejua kwamba nitakuja. Na mwizi huyu amechagua chupa kama mtu aliyefundisha wauguzi miaka mingi." Ivyne alivuta kiti karibu. "Sikuja kukufunga. Kukufunga ni kazi ya Koplo. Mimi nataka tarehe. Hii friji ilianza kuganda lini? Nisipojua siku, sijui ni watoto gani wako uchi, bila kinga."

"Omollo yuko wapi?" Milcah aliuliza.

"Seli," Mutinda alijibu. "Leo ni usiku wa pili."

Milcah alivua miwani. Aliipangusa kwa pindo la sare yake, na alipoanza kusema, sauti yake haikutetemeka.

"Tarehe sita Mei. Jumanne. Stima ilipotea kutoka asubuhi mpaka jioni. Iliporudi nilizungusha kile kidude cha baridi mpaka mwisho, ili ipoe haraka. Nikasema nitakirudisha kesho. Sikukirudisha."

"Miezi mitatu hukuangalia kipimajoto?"

"Nilikuwa naandika nne. Miaka ishirini na tisa, Ivyne, kila nilipokiangalia kilisema nne. Mwishowe nikaacha kukiangalia. Usiku iliganda, mchana tukifunguafungua ikayeyuka, sisi tukachota tukadunga. Siku uliponipigia simu ndipo nilipoinama nikasoma. Ilikuwa tatu chini ya sifuri."

"Ungeniambia siku hiyo hiyo."

"Desemba natoka. Walikuwa wanapanga sherehe. Wamama walikuwa wanachangisha leso. Niliona nyuso zao. Nikaona heri waseme wezi wamekuja, serikali ilete zingine, tuanze upya polepole, nisiwahi kumwambia mtu. Kisha wakamchukua Omollo na mimi nikaingia ndani. Hapo ndipo nilipojua nimekuwa mtu wa aina gani."

"Chupa ziko wapi?"

"Kwangu, Uthiru. Chini ya kitanda. Nilishindwa kuzitupa."

Mutinda aliandika. Kisha akatoka barazani akapiga simu kituoni, na wote wawili ndani walimsikia akisema jina la Omollo.

Ivyne alifungua rejista kubwa. Kuanzia tarehe sita Mei walihesabu majina pamoja, Milcah akisoma, Ivyne akiandika: watoto mia moja themanini na sita. BCG na surua zao zilikuwa salama. Zile nyingine zote zingerudiwa, kila dozi kwa nafasi yake ya wiki nne, kwani mwili wa mtoto haukimbizwi. Wajawazito nao wangeitwa. Milcah alijua kila mama anaishi ploti gani. Nambari za simu nyingi zilikuwa zimebadilika, lakini ploti alizikumbuka.

Alisimamishwa kazi siku iliyofuata, na kesi yake ikaanza safari ndefu ya kiofisi. Hata hivyo aliomba jambo moja, na Ivyne akalipigania mpaka likakubaliwa: kwamba aende mlango kwa mlango pamoja na wahudumu wa afya, awaambie akina mama kwa mdomo wake. Wengine walilia. Wengine walimpa kiti. Mmoja alimfungia mlango usoni, akaufungua baada ya dakika tano, akauliza kliniki ni siku gani.

Mlango wa mwisho haukuwa Kangemi. Ijumaa tarehe 29 Agosti, saa saba mchana, Ivyne alimpeleka Milcah Upper Hill, wodi ya watoto. Trevor alikuwa ametolewa oksijeni siku mbili kabla. Bado alikohoa, lakini baada ya kukohoa sasa alinyonya. Yvonne alikuwa amekaa kitandani, amemlaza kifuani.

Milcah alisimama miguuni mwa kitanda akasema yote, kidude, kipimajoto, chupa, Omollo. Hakuacha kitu. Yvonne alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi nilikuwa nakuja na mvua," alisema Yvonne. "Mara tatu. Siku ya pili nilikuwa na kazi ya kufua nyumba nzima, nikaiacha, mwenye nyumba akanifuta kazi. Kadi ilisema tarehe tano, nikaja tarehe tano. Mimi sikukosa hata siku moja, Sista."

"Najua."

"Wewe ulikosa ngapi?"

Yvonne alimgeukia Ivyne. "Hizo zingine ataanza lini?"

"Daktari akimruhusu. Joyline ndiye atamdunga. Friji ni mpya, na nitaisoma mimi mwenyewe kila wiki."

"Sawa." Alimpigapiga mtoto mgongoni polepole mpaka kikohozi kikapita. Kisha, bila kuinua macho, akamuuliza Milcah, "Na yule mzee mlinzi? Ulimwomba msamaha?"

"Nilienda kwake Jumapili."

"Alisemaje?"

"Alisema nisimsalimie kwanza, mpaka aniambie mwenyewe."

Yvonne alivuta shuka akamfunika mtoto miguu.

"Hata mimi," alisema. "Kwanza."